Kupata chumba Moshi bila kubuku: mwongozo kwa anayeshuka stendi na begi lake

Kila likizo ikikaribia simu yangu huanza kuita. Mara binamu kutoka Dar, mara rafiki wa rafiki kutoka Dodoma, mara mtu niliyesoma naye ambaye hatujasalimiana miaka sita. Swali ni lilelile: "Nakuja Moshi kutembea, sijabuku popote, nitapata pa kulala?" Nikijibu ndiyo, yanafuata mengine. Gesti na loji tofauti yake nini? Chai ya asubuhi imo kwenye bei? Mimi na mwenzangu watatudai cheti cha ndoa? Nimeamua kuandika mara moja, atakayepiga tena nimtumie hii.

Jibu fupi: utapata. Moshi imezoea watu wa kupita. Wapo wapanda mlima, wapo wanaouguza ndugu zao hospitali ya KCMC, wapo wafanyabiashara wanaokwenda na kurudi mpaka wa Holili. Nyumba za kulala wageni ziko nyingi kuanzia stendi mpaka mitaa ya pembeni. Kukosa chumba kabisa ni nadra. Kinachowapata wengi ni kulipia chumba usiku, wamechoka, chumba ambacho wangekiona mchana wasingekitaka hata kwa nusu bei.

Ila zipo siku ambazo usije kwa kubahatisha. Ya kwanza unaijua: wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi. Wengi wanalala kwao, lakini wanakuja na wakwe, marafiki na madereva, na hao wote wanatafuta vitanda. Ya pili ni siku za Kilimanjaro Marathon, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Na kama utapitiliza mpaka Arusha, ogopa siku za kuelekea Nane Nane, sikukuu ya wakulima ya tarehe 8 Agosti, na siku zenye mkutano mkubwa pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa. Siku hizo piga simu mapema. Siku nyingine zote, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda basi

Kitambulisho. Cha NIDA ni bora, lakini leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au pasipoti navyo vinakubalika. Kama unatokea Kenya au Uganda, beba hati uliyogongewa mhuri mpakani, utaulizwa.

Pesa taslimu za usiku mmoja, mbali na zilizo kwenye simu. Gesti nyingi zinapokea kwa simu, lakini mtandao hukwama saa ileile unayouhitaji, na mhudumu wa usiku hana ruhusa ya kukukopesha kitanda.

Simu yenye chaji na tochi inayowaka. Tochi hiyo utaitumia kwenye hatua ya 5, na ndiyo itakayokuokoa.

Kufuli dogo, kandambili, shuka moja nyepesi au kanga mbili, sabuni. Ukija Juni hadi Agosti ongeza sweta. Moshi mjini kuna ubaridi wa asubuhi tu, lakini Arusha iko juu zaidi, karibu mita 1,400, na Julai yake haina utani.

Begi moja unaloweza kutembea nalo nusu saa bila kulalamika. Mwenye mabegi matatu hachagui chumba, huchukua cha kwanza alichoonyeshwa.

Hatua kwa hatua

1. Panga kufika kabla ya saa 10 jioni.

Basi linalotoka Dar saa 12 asubuhi kwa kawaida linakufikisha Moshi alasiri, na huo ndio muda mzuri. Waliolala jana wameshatoka, vyumba vimefagiliwa, na bado una saa mbili za mwanga. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, watu wengi wanashuka hapa saa 9 au saa 10 alfajiri. Ukiwa mmoja wao, usianze kuzunguka mitaani na begi. Kaa kwenye ofisi ya basi au sehemu ya abiria yenye taa na watu mpaka kupambazuke. Kuna na sababu ya hesabu: ukilipa chumba saa 10 alfajiri, gesti nyingine zitakuhesabia usiku mzima na saa 4 asubuhi watakugongea mlango utoke.

2. Chagua eneo ukiwa bado ndani ya basi.

Mitaa ya kati, kuzunguka stendi na soko, ina vyumba vingi na vya bei nafuu. Utatembea kwa miguu kwenda popote, ila utazisikia honi kuanzia alfajiri. Kupanda juu kuelekea Shanty Town kuna miti, utulivu na bei ya juu. Soweto na Rau ni katikati ya hayo mawili: nyumba za makazi zilizogeuzwa gesti, nyingi zina uzio na sehemu ya kuegesha gari. Anayekuja kumwona mgonjwa akae upande wa KCMC, lakini ajue vyumba vya huko hujaa katikati ya wiki pia.

Kwa Arusha, wanaotaka kuwa karibu na stendi huenda Kaloleni na Levolosi. Wenye gari au familia nawapeleka Njiro au Sakina.

Kama safari yako ni ya maporomoko ya Materuni au ya kwenda Marangu, fikiria kulala hukohuko juu kwenye migomba badala ya mjini. Vyumba ni vichache lakini asubuhi yake ni nyingine kabisa.

3. Shuka, usimfuate mtu.

Utashuka tu utasikia, "Bosi, gesti? Ipo nzuri hapa karibu, self, maji moto!" Kijana hana ubaya wowote, anatafuta riziki. Lakini kila mgeni anayempeleka analipiwa, na malipo hayo yanatoka kwenye bei yako. Dereva wa bodaboda anayekuambia ile unayoitaka imejaa, au imefungwa, au siku hizi ina wezi, naye umsikilize kwa sikio hilohilo. Mjibu kwa upole: "Asante kaka, napokelewa." Kisha nenda kakae mahali unywe chai. Dakika kumi na tano za chai zinawaondoa wote waliokuona ukishuka, na mama anayekuuzia chai ndiye mtu wa kumuuliza. Yeye halipwi na gesti yoyote, na anajua ipi ina vurugu usiku.

Swali lenyewe uliulize hivi: "Mama, shikamoo. Mtu akiwa na wazazi wake hapa, angewalaza wapi?" Usimuulize gesti nzuri ni ipi. Kwa wengine nzuri ni yenye baa.

4. Ingia tatu kabla ya kulipa moja.

Hili watu hawalifanyi kwa aibu. Wanadhani ukishaonyeshwa chumba umekubali. Hujakubali kitu. Salimia, omba kuona, shukuru, toka. Yanakuwa hivi:

"Hodi dada, habari za jioni."

"Salama kaka, karibu."

"Naulizia chumba cha self. Naomba nikione kwanza."

"Vipo vya elfu ishirini na tano na vya thelathini na tano. Twende."

Ukimaliza: "Asante dada, ngoja nishauriane na mwenzangu, nikirudi nitakuja kwako." Hata kama mwenzako hayupo. Hatakasirika, anaisikia sentensi hiyo mara kumi kwa siku.

Neno moja kuhusu mabango. "Loji" ukutani haina maana yoyote. Hapa mjini kuna loji ya vyumba sita nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na Serengeti kuna loji ambayo usiku mmoja ni mshahara wa mwalimu. "Hoteli" inaweza kuwa jumba la ghorofa nne au kibanda cha wali maharage. Na "self", ambayo wengine huiita "self kontena", neno linalomchanganya kila Mwingereza, ni chumba chenye choo na bafu lake ndani. Usipolisema hilo wanaweza kukupa cha bafu la kuchangia.

Usizisahau hosteli za makanisa na za taasisi kama YMCA. Ni safi, hazina baa, na chai ya asubuhi mara nyingi imo. Zina masharti yake: geti linafungwa mapema, na baadhi huwauliza wanandoa maswali ambayo gesti ya mtaani haiulizi.

5. Kagua chumba kama unakinunua.

Hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Mhudumu atasimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni, na utajisikia unamchelewesha. Mcheleweshe.

Anza na kitanda. Vuta shuka pembeni mpaka godoro lionekane, washa tochi, pitisha kwenye mshono wa godoro pande zote za kichwani. Unatafuta vidoti vyeusi kama umemwagiwa wino kwa ncha ya kalamu. Hicho ni kinyesi cha kunguni. Halafu angalia maungio ya mbao za kitanda na nyuma ya ubao wa kichwani, na ukutani kama kuna michirizi ya rangi ya kutu, mahali mgeni aliyekutangulia alipowapondea. Ukiona hivyo, toka, na usikubali chumba cha jirani, maana wanapita ukutani. Begi lako wakati wote huu liwe mgongoni au juu ya kiti. Usiliweke kitandani.

Chandarua: kitandaze, usikiangalie kikiwa kimefungwa fundo. Mashimo huonekana kikishashuka. Wanaokwambia Kilimanjaro hakuna mbu wanazungumzia huko juu migombani. Mji umekaa chini, na kusini yake kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji.

Bafuni fungua bomba, acha maji yatoke dakika nzima. Kama kuna shawa ya umeme, mwambie aiwashe sasa hivi, mbele yako, na uweke mkono. Mimi nililipa chumba Arusha mwezi Julai kwa kuamini neno "maji moto yapo". Saa 2 usiku nimevua nguo, nabonyeza swichi, taa inawaka nyekundu vizuri kabisa, maji yanatoka kama ya mtoni. Nilipotoka na taulo kuuliza, mzee wa usiku akaniangalia kwa huruma: "Mwanangu, hiyo iliungua Pasaka." Akanichemshia ndoo kwenye jiko la mkaa, na nilimwachia ya soda. Lakini Pasaka mpaka Julai!

Mlango: funga kwa ufunguo ukiwa ndani, kisha vuta. Komeo la ndani liwepo. Dirisha liwe na nondo na wavu, na uone linatazama wapi. Likitazama uchochoro, simu na suruali zisilale karibu nalo, kwa sababu kuna watu wanavua vitu kwa mti mrefu kupitia dirishani na wewe unakoroma.

Mwisho, angalia juu. Katika nyumba za zamani ukuta hauishii kwenye dari, na mazungumzo ya chumba cha pili utayapata yote. Chomeka chaja, uone inachaji. Uliza kama wana jenereta, siku umeme ukikatika.

6. Ongea bei, na ujue unanunua nini.

Uliza manne, kwa mpangilio huu: bei ni ya chumba au ya mtu? Chai ya asubuhi imo? Ni ya watu wangapi? Mwisho wa kutoka saa ngapi?

Swali la tatu ndilo linalowaliza wageni. Chumba ni cha watu wawili, mmelala wawili, asubuhi mnaletewa kikombe kimoja. Ukilalamika utaambiwa bei ya chumba inaenda na chai ya mtu mmoja, wa pili analipia. Liulize jioni.

Na "chai" yenyewe ina ngazi zake. Ya chini ni chai ya rangi na slesi mbili za mkate zenye siagi iliyopitishwa kwa mbali. Ya kati inaongeza yai na tunda. Nzuri, hasa kwenye nyumba zinazoendeshwa na familia, utakuta chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati ya moto, na ukiwa na bahati bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi ya Kichagga. Ukikuta mtori, kaa siku mbili. Kama unaondoka alfajiri kwenda mlimani au kuwahi basi, sema usiku huo, wengine watakufungia yai na mkate wa kubeba.

Kupunguziwa kunawezekana ukiwa unalala zaidi ya usiku mmoja, au ukiwa umekuja katika mvua za Machi hadi Mei wapanda mlima wanapopungua. Sema, "Nalala siku tatu, bei ya mwisho ngapi?" Usiombe punguzo la usiku mmoja Ijumaa jioni, utachekwa. Na ukitajiwa bei kwa dola wakati unaongea Kiswahili, jibu kwa shilingi, watarudi.

7. Jiandikishe, lipa, chukua risiti.

Utaletewa kitabu cha wageni: jina, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, saini. Vingine bado vina safu ya kabila. Andika ukweli. Polisi wana haki ya kukikagua, na gesti isiyo na kitabu kabisa ndiyo ile watu wanaiita gesti bubu: haina leseni, na siku ya msako wa usiku hutapenda kuwa ndani yake.

Lipa usiku mmoja tu hata kama unakaa wiki. Ukiridhika asubuhi, lipa zilizobaki kwa bei ileile mliyokubaliana. Ukilipa kwa simu, hakikisha jina linalotokea ni la nyumba au la mtu anayefahamika pale mapokezi, na usiufute ujumbe wa muamala. Risiti idai. Mhudumu wa zamu ya usiku na wa zamu ya asubuhi si mtu mmoja, na nimeona mtu akidaiwa mara mbili.

8. Kabla ya kulala.

Soma karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Karibu zote zinafanana: mwisho wa chumba saa 4 asubuhi, ukipoteza ufunguo utalipa, uongozi hautahusika na upotevu wa mali. Wanaposema hawatahusika wanamaanisha, kwa hiyo pesa na hati ulale nazo. Muulize mhudumu geti linafungwa saa ngapi na usiku nani anafungua. Chukua namba yake.

Mambo yakigoma

Kila unapoingia wanasema pamejaa. Usimalize usiku ukizunguka mitaa ileile. Panda Hiace uende Boma Ng'ombe kwa njia ya Arusha, au Himo kwa njia ya Marangu. Kote kuna gesti za wasafiri. Jua likishazama sipendekezi kwenda mbali zaidi ya hapo.

Mmekuja marafiki wawili wa kiume na mnakataliwa kuchangia chumba. Ni sheria ya gesti nyingi, hata kwa wanawake wawili, na kubishana hakusaidii. Omba chumba chenye vitanda viwili. Wakikataa bado, hosteli za makanisa mara nyingi hazina shida hiyo. La sivyo chukueni vyumba viwili vya bei ya chini.

Wewe na mwenzako mnaogopa cheti cha ndoa. Gesti za kawaida hazikiulizi. Mtaandikishwa wote wawili, basi.

Umepoteza kitambulisho njiani. Nenda polisi upate ripoti ya upotevu, nayo hutumika badala yake. Picha ya kitambulisho kwenye simu husaidia pia, kutegemea na moyo wa mhudumu.

Muziki umeanza saa 4 usiku na hukujua kuna baa nyuma. Omba chumba cha upande wa pili mara moja, kabla havijachukuliwa. Ndiyo maana ya kuuliza jioni, hasa Ijumaa na Jumamosi. Gesti yenye vyumba vya kulipia kwa saa nayo utaitambua kwa milango kufunguliwa na kufungwa usiku kucha. Lala, asubuhi uhame.

Kunguni wamekuuma usiku licha ya ukaguzi. Washa taa, piga picha, mwamshe mhudumu. Dai chumba kingine, au pesa yako. Nguo zote ziingie kwenye mfuko wa plastiki uufunge, na usizifungue nyumbani kwako mpaka zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa kwenye jua kali.

Asubuhi maji hayatoki. Kabla hujakasirika, uliza kama kuna simtanki nyuma. Mara nyingi lipo na valvu haijafunguliwa.

Chai uliyoahidiwa haipo, mpishi hajafika, na wewe una safari. Omba wakukatie thamani yake kwenye bei. Wakikubali au wakikataa, toka nje uende kwenye vibanda vya karibu na soko. Kufikia saa 1 asubuhi sufuria ya supu inatoka moshi, chapati zinageuzwa, na mama atakuuliza kama mtori wako uwe na nyama au mtupu.